Mlango wa Kufuli Tatu na Bega la Muuza Magodoro

Wewe. Ndiyo, wewe, usigeuke nyuma kumtafuta mwingine. Wewe unayepita mtaa ule kila siku, ukaona mlango wa mbao uliopakwa rangi ya buluu na watu waliopanga foleni mbele yake, mmoja katolewa chumbani na vyombo vyake, mwingine kafukuzwa kazi kwa kuuliza haki yake, wa tatu kaambiwa na karani kwamba jina lake si la hapa. Wewe unayeyaona hayo yote kisha ghafla ukakumbuka kutazama simu. Simu ile haikulia. Najua haikulia. Nimekuona mara nyingi, na mimi si mtu wa kusahau.

Basi, kwa kuwa hukutaka kutazama, leo utasikia. Sogeeni, enyi wapita njia wenye haraka zisizokwisha! Sogeeni, enyi wenye shingo nyepesi kugeukia upande wa pili, enyi wenye kusifu kwa mbali na kuhurumia kwa kutikisa kichwa! Nawaletea habari ya siku iliyo kuu kupita siku za kutekwa miji na kubomolewa ngome; habari ya shujaa ambaye mama yake alimzaa kwa uchungu, akamlea kwa uji, wala asijue kwamba mwanawe huyo, akiwa amenyolewa upande mmoja tu wa kichwa, angesimama siku moja katikati ya dhulma na haki akiwa na kitu kizito begani, na asikitue.

Nyuma ya mlango ule wa buluu kuna chumba, na chumbani mna Chama cha Majirani. Usitarajie makubwa. Mna viti vya plastiki, viwili vimeunganishwa kwa waya. Mna meza ambayo mguu wake mmoja umeinuliwa kwa boksi lililokunjwa. Mna chupa ya chai isiyotunza moto. Hao hawana gari, hawana mhasibu, hawana yule msichana wa mapokezi anayekuambia ukae usubiri. Lakini mama aliyefungiwa nyumba na mwenye nyumba wake alipata pa kulala kwa sababu yao, na mlinzi aliyelazwa rumande kwa kosa la kufanana na mtu alitoka kwa sababu yao. Mambo hayo hayakuandikwa na gazeti lolote. Nayaandika mimi.

Sasa, katika mtaa ule tangu zamani yamekaa mataifa matatu. Kuna watu wa Juu, waliojenga kwenye kilima na wanaoamini kwamba hewa ya kule huongeza akili. Kuna watu wa Bondeni, ambao mafuriko huwatembelea kila mwaka bila kualikwa. Na kuna wale wanaoitwa Wageni, waliokuja baadaye wakikimbia mabaya ya kwao, na ambao wamekaa pale mpaka wamezaa wajukuu, ila jina la Wageni halijawatoka. Kila taifa lina lugha yake ya kugombea, kila moja lina namna yake ya kusali, na yote matatu hukutana katika chama kile kwa sababu shida iliwakuta wote pamoja bila kuuliza lugha.

Walikutana, lakini hawakukutana kirahisi. Nani atashika ufunguo? Hilo ndilo lililozaa vile vita virefu ambavyo sisi tuliokuwepo twaviita Vita vya Ufunguo. Watu wa Juu walisema chumba kiko upande wao. Watu wa Bondeni walisema wao ndio waliokifagia. Wageni walisema kwamba wao, ambao hawajawahi kupewa ufunguo wa kitu chochote duniani, wangependa angalau huo. Baraza likakaa mchana kutwa, chai ikaisha, ikapikwa nyingine, ikaisha nayo. Ndipo ukazaliwa mkataba ambao hakuna vichwa vingine vingeweza kuuzaa ila vichwa vya watu wanaopenda haki kupita kiasi: mlango utiwe kufuli tatu, kila taifa lishike ufunguo wa kufuli yake, na mtu asiguse kufuli ya mwenzake. Tena kufuli zote zifunguliwe kwa mpigo mmoja, kwa kuhesabu moja mbili tatu, maana atakayetangulia ataonekana mtumishi na atakayemalizia ataonekana bwana. Na hiyo moja mbili tatu ihesabiwe kwa zamu, leo kwa lugha ya hawa, kesho kwa lugha ya wale.

Usicheke. Kule kwenye ofisi kubwa unazoziheshimu ufunguo ni mmoja na anaushika mtu mmoja, na wewe umesimama nje na bahasha yako. Acha wenzako wakosee kwa kupenda usawa.

Mshika ufunguo wa Bondeni alikuwa Fundi Viatu, mzee mwembamba mwenye misumari midogo mdomoni hata anapohutubia. Kufuli yake ilikuwa nyeusi na nzito kama jiwe la kusagia. Wa Juu alikuwa Mama Mitumba, mwuza nguo, mwanamke wa kifua na sauti, ambaye kufuli yake ya shaba aliisugua kwa ndimu hadi ikang'aa. Wa Wageni alikuwa Kinyozi, mpole wa maneno, mwenye kufuli ndogo iliyotoka kwenye sanduku la safari, jambo ambalo Mama Mitumba alilichukulia kuwa dharau kwa muda mrefu sana, hadi alipoambiwa kwamba sanduku lenyewe ndilo pekee walilotoka nalo kwao.

Mlango nao una moyo wake. Kwa uzito wa zile kufuli upande mmoja, na mvua upande wa pili, mbao zilivimba, bawaba zikalegea, mlango ukainama kama mlevi aliyeegemea nguzo. Ikawa funguo hazizunguki ila mtu wa nne auinue mlango kwa bega, ili vyuma vilegee. Kazi hiyo aliifanya Mchukuzi, kijana wa kubeba magunia. Wafadhili walikuja mwaka uliopita na gari lenye kiyoyozi, wakatuletea bango refu kuliko ukuta, wakapiga picha chini yake. Fundi Viatu akawaonyesha mlango. Mkubwa wao akautazama kwa huruma, akatamka neno ambalo nimelibeba kifuani mpaka leo: "Sisi tunafadhili mageuzi ya jamii, mzee. Hatufadhili bawaba."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa ilipofika Jumamosi ile.

Sikia sasa kiini cha vita. Alikuwepo binti mmoja, tumwite Binti wa Cherehani, aliyekuja mjini kufanya kazi za ndani akiwa na cherehani ya mkono aliyoachiwa na bibi yake. Mchana alifua na kupika kwa Bosi wake, na jioni alishona viraka vya majirani. Siku Bosi alipomfukuza, alimtoa na mfuko wa nguo, na cherehani ikabaki ndani. Bosi akasema ni mali ya mke wake. Binti akasema ni ya bibi yake. Neno la Bosi lilikuwa na geti na gari jeupe. Neno la binti lilikuwa na mfuko wa nguo.

Chama kikamwendea Bosi. Akawafungia geti. Basi wakabeba vile viti vyao vya plastiki, Juu na Bondeni na Wageni, wakaenda kukaa mbele ya geti lake asubuhi hadi asubuhi, wasiseme neno, wakinywa tu ile chai iliyopoa, mpaka wageni wake wa heshima wakaanza kuuliza kuna msiba gani humu. Hapo Bosi akakubali masharti. Atakuja ofisini kwa chama, Jumamosi saa nne, na cherehani kwenye buti la gari lake. Wasikilizane mbele ya watu, na atakayeonekana ndiye mwenyewe ataichukua. "Lakini nikikuta pamefungwa," alisema kupitia upenyo wa geti, "nageuza gari, na viti vyenu nisivione tena hapa. Tumeelewana?"

Wakaelewana. Fundi mmoja wa nguo, kule sokoni, alikuwa amemwahidi binti nafasi kwenye kibaraza chake, mradi aje na cherehani yake. Bila cherehani, angerudi kufua nyumba nyingine, kwa Bosi mwingine, mwenye geti lingine.

Asubuhi ya Jumamosi jua lilichomoza kama jenerali anayekagua askari, na likakuta askari hawapo. Mchukuzi alikuwa amepata mzigo wa mbali, akaondoka nao alfajiri, na hakuna wa kumlaumu, njaa haimsubiri mtu amalize mkutano. Walikuwepo Fundi Viatu, Mama Mitumba, mimi mwandishi wa chama, na binti mwenyewe, amevaa gauni lake jema, amesimama kando ya mlango.

Mama Mitumba akatoa ufunguo wake kifuani kama mtu anayechomoa upanga, akanena: "Haya, Fundi. Weka wako."

"Nimeushika," akajibu Fundi. "Nakungoja wewe."

"Unaningoja mimi nitangulie?"

"Sikusema hivyo, mama. Nasema mimi sitangulii. Nikitangulia leo, kesho watasema watu wa Bondeni ndio mabawabu wenu."

"Na mimi nikitangulia watasema watu wa Juu tumejitwalia mlango. Unanitaka maneno wewe! Kinyozi yuko wapi?"

"Kinyozi ana kichwa cha mtu."

"Kichwa gani saa hizi? Mwite!"

Binti ndiye aliyekimbia kumwita. Na hapo, ndugu wasomaji, ndipo alipoingia katika historia mtu ambaye hakuwa na nia yoyote ya kuingia.

Mkabala na mlango wa buluu kuna duka la magodoro. Mwenye duka ni mtu mnene, mwenye mabega mapana kama kabati la milango miwili, anayekaa kutwa nzima kibarazani juu ya godoro lililofungwa nailoni, akiutazama mtaa. Vurugu zikitokea, mtu akipigwa, mtu akitolewa vyombo nje, ukimwuliza kuna nini, hujibu: "Mambo yao hayo." Kwa hiyo mtaa ulimwita Mambo Yao, na jina likamkaa vizuri kuliko alilopewa na wazazi. Jumamosi ile, mchana, mpwa wake alikuwa anaoa. Mambo Yao alikwenda kwa Kinyozi kujitengeneza, na Kinyozi alikuwa amemaliza upande wa kulia, kichwa kinang'aa kama sahani iliyooshwa, upande wa kushoto bado msitu, binti alipotokea mlangoni akihema.

"Kaka, njoo. Saa imefika. Bosi anakuja."

Kinyozi akaweka mashine chini. Akachukua ufunguo wake mdogo ukutani, akatoka. Mambo Yao akabaki kwenye kiti, akajitazama kwenye kioo, akaona alichokiona, akatoka mbio nyuma yake na kitambaa cha kinyozi kinapepea shingoni kama joho la mfalme.

"We bwana! We! Utaniachaje hivi? Nina harusi mimi!"

"Nakuja sasa hivi, mzee wangu."

"Sasa hivi gani? Nitazame! Mimi ni mjomba wa bwana harusi!"

"Mlango ukifunguka nakumalizia."

"Na usipofunguka?"

Kinyozi akageuka, mpole kama kawaida yake. "Usipofunguka utakwenda hivyohivyo, mzee. Upande wa bwana harusi waone hapa, upande wa bibi harusi waone pale."

Kwa hiyo walifika wanne mlangoni, pamoja na binti watano, pamoja nami niliyekuwa nimeshika kamba ya lile bango la wafadhili, ambalo kwa siku hiyo halikutusaidia hata kutupa kivuli. Funguo tatu zikaingia kufuli tatu. Zikakataa kuzunguka. Mlango ulikuwa umeinama, na Mchukuzi hayupo.

Binti akaweka bega. Mlango haukujua kama kuna mtu. Nami nikaingia vitani, nikasukuma kwa hasira yote niliyoikusanya tangu ujana wangu, nikatoka na kibanzi kidoleni. Wale watatu hawakuweza kuinua, kwa maana kila mmoja alikuwa ameshika ufunguo wake, na kuuachia ufunguo ulio ndani ya kufuli mbele ya macho ya taifa jingine, hilo mkataba haukuliruhusu. Tena wakati huohuo walikuwa wameshaanza lingine.

"Leo anahesabu nani?" aliuliza Fundi.

"Sisi," alisema Mama Mitumba. "Jumamosi iliyopita mlihesabu nyie."

"Ile haikuhesabika. Mlango ulifunguka mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa majaribio."

"Majaribio! Fundi, mimi nakuheshimu, lakini nitakuvua hiyo misumari mdomoni moja moja."

Na katikati ya neno hilo likaingia gari jeupe.

Liliingia polepole, kama meli ya adui inayojua ngome haina mizinga. Bosi hakuzima injini wala hakushuka. Aliteremsha kioo, akatutazama tulivyojazana mlangoni kama watu waliofungiwa nje ya nyumba yao, na ndivyo tulivyokuwa. Akaitazama saa yake, akatabasamu.

"Ofisi yenyewe ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, bwana," alisema Mama Mitumba. "Karibu. Tunafungua."

"Mnafungua tangu lini? Mimi naona pamefungwa. Watu wazima watatu mna kufuli tatu na hamwezi kufungua, halafu mje kunifundisha mimi haki?" Akacheka. Nami nakwambia, kicheko kile kiliniuma kwa sababu kilikuwa na ukweli ndani yake. "Nahesabu mpaka kumi. Makubaliano ni makubaliano."

Akaanza kuhesabu. Yeye hakuhitaji zamu.

Binti alitoka mlangoni, akaenda nyuma ya gari, akaweka kiganja chake juu ya buti. Hakupiga kelele. Aliweka tu mkono pale, juu ya bati jeupe, kama mtu anayemshika mgonjwa kuona kama ana homa. Gari lilikuwa linatetemeka kwa injini, naye hakuuondoa.

Mambo Yao alikuwa amesimama katikati ya njia na nusu ya nywele zake. Akamtazama Kinyozi. Akautazama mlango.

"Huo mlango mnauinuaje?" aliuliza.

"Kwa bega," alisema Kinyozi. "Bega pana."

"Mimi si mwanachama."

"Hatukuombi uwe mwanachama," Mama Mitumba akanguruma. "Tunakuomba bega! Umekaa hapo miaka yote unatutazama kama sinema, leo hata bega unataka lisajiliwe?"

"Saba," alisema Bosi.

Hapo yule binti, bila kuutoa mkono kwenye buti, akageuza uso. "Baba," alimwambia, kwa sauti ya chini tu, "siku nimetolewa nilisimama kwako kibarazani, mvua inanyesha. Uliniona. Sikukuomba kitu siku ile. Leo nakuomba."

Ewe kalamu, jikaze! Ni nani atakayeeleza lililompata mtu yule? Wengine wanasema ni huruma. Wengine, na Fundi Viatu ni mmoja wao, wanasema aliikumbuka harusi. Mimi nilikuwa karibu, nami nasema yalikuwa yote mawili yamechanganyika, kama yanavyochanganyika ndani ya kila shujaa aliyewahi kusifiwa. Alitupa kitambaa cha kinyozi nyuma ya bega, akapumua kwa nguvu, akauendea mlango kama ng'ombe dume anayeuendea ukuta wa zizi, akaingiza bega lile lililobeba magodoro ya mtaa mzima chini ya ubao wa kati, akainua.

"Hesabuni!" aliguta.

"Kwa lugha ya nani?" aliuliza Fundi.

"Tatu! Jamani, tatu!" Mambo Yao akajihesabia mwenyewe.

Ikasikika sauti ambayo mpaka leo naisikia nikifumba macho. Haikuwa sauti ya kufuli. Ilikuwa sauti ya misumari iliyozeeka ikitoka kwenye mbao zilizooza, upande wa pili kabisa, upande wa bawaba, ambako hakuna taifa lililowahi kuweka mlinzi. Bawaba ya juu ikang'oka, ya chini ikafuata, na mlango wote ukamjia Mambo Yao mikononi. Kufuli tatu zilibaki palepale zimefungwa, na funguo ndani yake, na vidole vya wenyewe juu ya funguo; lakini upande wa pili chumba kilikuwa wazi, viti vya plastiki vikiutazama mtaa.

Watu wote wakachungulia ndani. Hata Bosi alisahau kusema kumi.

"Pamefunguka," alisema Kinyozi.

"Hakuna aliyetangulia," alisema Fundi Viatu polepole, na usoni mwake ikaenea amani ambayo sijaiona kwa mzee yule kabla wala baadaye.

"Ingieni basi!" alilia Mambo Yao kutoka nyuma ya mlango. "Mnangoja nini? Mzito huu!"

Tukaingia kwa kuinama chini ya kwapa lake, mmoja mmoja, na Bosi naye, maana sharti lake lilikuwa limemgeukia na watu walikuwa wameshaanza kujaa barabarani. Cherehani ikatolewa kwenye buti, ikawekwa juu ya meza yenye boksi. Mambo Yao akabaki mlangoni, au tuseme akabaki yeye ndiye mlango, kwa sababu angeuachia ungewaangukia waliokaa karibu, na kuuegemeza hapakuwa na pa kuuegemeza.

Binti akasema lake kwa maneno machache. Bosi akasimama, akakohoa, akarekebisha kola.

"Nimewasikiliza. Sasa mnisikilize. Cherehani hii ni ya mke wangu, huyu aliikuta nyumbani. Nyie wote hapa mnamtetea kwa sababu lenu ni moja. Nileteeni mtu mmoja, mmoja tu, ambaye si wa chama chenu, aseme vingine, nitaiacha. Nani hapa si mwanachama?"

Alijua anachokisema. Wasio wanachama siku zote wako barabarani, wanapita.

Mama Mitumba akamtazama Kinyozi, Kinyozi akamtazama Fundi, wanachama wote watatu. Kisha ikaja sauti kutoka nyuma ya mbao, imebanwa na uzito.

"Mimi si mwanachama."

Bosi akageuka.

"Mimi nauza magodoro," alisema Mambo Yao. Jasho lilikuwa likimtiririka upande wa kichwa usio na nywele na kunasa upande wenye nywele. "Nakaa pale. Naona kila kitu. Huyu mtoto alipokuja mara ya kwanza alikuja na hiyo cherehani kichwani, imefungwa kwa shuka la maua. Aliitua kibarazani kwangu apumzike. Nikamwambia aondoke, ananizibia wateja." Akasogeza bega, mbao zikalia. "Gurudumu lake lilikuwa na mkono wa mti uliochongwa kwa kisu, si ule wa kiwandani. Nilijiuliza nani kauchonga."

"Babu," alisema binti. "Ule wa kiwandani ulivunjika, babu akamchongea bibi mwingine."

Macho yote yakaenda mezani. Mkono wa gurudumu ulikuwa wa mti, umelainika kwa kushikwa, na alama za kisu bado zinaonekana pale ulipoingia kwenye chuma. Bosi akautazama kwa muda mrefu. Nafikiri hakuwa amewahi kuutazama.

"Nimeona," alisema Mambo Yao. "Niliona akija nayo, nikaona akitolewa bila hiyo. Niliona siku zote."

Bosi akachukua funguo za gari lake. "Chukueni," alisema, akainama chini ya kwapa la Mambo Yao, na wakati anapita kitambaa cha kinyozi kilimfuta uso, na sisi hatukumwomba radhi.

Binti akainyanyua cherehani, akaitia kichwani. Alipofika mlangoni akasimama mbele ya shujaa wetu. Akamwekea mkono begani, kwenye lile bega lisilo na mlango, akatoka kwenda sokoni.

"Na mimi nani atanipokea?" Mambo Yao aliuliza.

Hakuna aliyeweza. Basi Kinyozi alikwenda dukani kwake akaleta mashine, akasimama juu ya kiti kilichounganishwa kwa waya, akamnyoa upande wa kushoto akiwa amesimama hivyohivyo na mlango begani, huku Mama Mitumba akimnywesha chai kwa kikombe na Fundi Viatu akikusanya misumari ya bawaba iliyomwagika, akiitia mdomoni pamoja na yake. Walipomaliza, gunia la mchanga likaletwa kuupokea mlango, naye akafika harusini na vumbi la mbao shingoni. Mama wa bwana harusi alimwuliza nini kimempata. Naambiwa alifungua mdomo kusema ni mambo yao, kisha akaufunga.

Andikeni basi, enyi waandishi wa tarehe na nyakati! Andikeni kwamba katika enzi yetu, mbele ya Juu na Bondeni na Wageni, mlango ulishindwa na bega, na mfalme wa magodoro alisimama kama nguzo ya dunia kwa muda wa kutosha haki kuingia na kukaa kwenye kiti cha plastiki. Falme zimesimama kwa machache kuliko hayo, na sanamu zimejengwa kwa watu waliobeba mepesi zaidi.

Kufuli zile tatu bado ziko zimefungwa. Hakuna anayethubutu kuzigusa, maana kwa mara ya kwanza mataifa yote matatu yanakubaliana kwamba yalishinda. Mlango umeegemezwa na gunia la mchanga, na wafadhili tumewaandikia tena, na wametujibu kwamba wanafurahi kusikia mageuzi yanaendelea.

Na wewe je? Umefurahi? Umecheka? Vizuri. Sasa nakuuliza kama mtu anayekudai. Leo hii, unaposoma, ndani ya chumba kile ameketi mlinzi wa usiku aliyesingiziwa wizi na mwajiri wake, na mwajiri yuko njiani, na atauliza lilelile: nani hapa si wa chama chenu, nani aliona? Wewe ulikuwepo. Ulikuwa umesimama upande wa pili wa barabara na simu mkononi, nami nilikuona ukiona. Usinitumie pole. Usiniambie utasambaza habari. Kama una bawaba, njoo nayo; kama huna, njoo mikono mitupu, lakini njoo, na ukiulizwa, fungua mdomo. Mlango hauna kufuli upande huu. Vaa viatu. Sasa.